Mosin, PPSh na AK kwenye uwanja wa shabaha: yanayosemwa na yaliyo kweli

Viko viwanja vya shabaha Marekani na Ulaya ambako mgeni hulipa na kukabidhiwa silaha ya zamani ya jeshi la Urusi au la Kisovieti. Wengi hufika na mazoea ya silaha nyingine, wakidhani zote hufanya kazi kwa namna moja.

Dhana: "Boliti ikiwa nyuma, silaha ni salama."

Kwa Mosin-Nagant ya 1891, bunduki ya boliti inayovutwa kwa mkono, sawa: vuta boliti (chuma kinachosukuma risasi ndani) nyuma, kagua chemba (mahali risasi hukaa ikifyatuliwa) na magazini (kikasha cha risasi), na kila aliye karibu anaona kuwa haina risasi. Ukiihamishia desturi hiyo kwenye PPSh-41, bunduki ya rashasha ya Kisovieti, unacheza na mauti. Boliti yake husubiri nyuma. Ukivuta kifyatulio inaruka mbele, inasukuma risasi chemba na kuilipua papo hapo, kwa kasi ya takriban risasi 900 kwa dakika. Kwa hiyo boliti ikiwa nyuma na magazini imepachikwa, silaha iko tayari kuua. Hata boliti ikiwa mbele, silaha ikiangukia kitako boliti inaweza kurudi nyuma, ikachukua risasi na kufyatua. Toa magazini kwanza, mengine baadaye.

Dhana: "Ukishusha sefti ya AK hatua moja, inapiga risasi moja moja."

Sefti, yaani kufuli la usalama, ya AK (bunduki ya Kalashnikov) ina nafasi tatu: juu kabisa ni salama, katikati ni mfululizo, chini kabisa ndiyo moja moja. Aliyezoea M16, bunduki ya jeshi la Marekani, hukutana na mpangilio tofauti, kwani huko moja moja hutangulia. Nawaheshimu sana wasimamizi wanaompa mgeni magazini yenye risasi moja tu kwa kuanzia.

Dhana: "Kila bastola ina sefti."

Bastola ya Kisovieti ya TT-33 ya awali haina sefti ya kidole. Ijaze risasi ukiwa tayari kwenye mstari, mdomo ukielekea shabaha.

Dhana: "Silaha ya Kirusi haihitaji kusafishwa."

Imani hii imeharibu mitutu mingi mizuri, na inaniuma. Risasi nyingi za akiba ya Kisovieti zina fataki (kiwashio kwenye kitako cha risasi) yenye klorati ya potasiamu. Ikilipuka huacha mtutuni kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta unyevu wa hewa. Watu huilaumu baruti, wanapitisha mafuta na kuifungia bunduki kabatini. Mafuta hayayeyushi chumvi, huifunika tu, na kutu inaendelea kula chuma chini yake. Kinachoiyeyusha ni maji. Hakikisha haina risasi, toa boliti, mwaga maji ya moto mtutuni, osha na uso wa boliti, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Fanya hivyo siku ileile. AK ina kromu ndani ya mtutu, lakini pistoni na bomba la gesi navyo huingiwa na chumvi hiyo.

Dhana: "Mosin hailengi sawasawa."

Mtutu uliochakaa upo, ni kweli. Lakini Mosin za aina ya M91/30 za jeshi la Kisovieti zilirekebishwa shabaha singe ikiwa imefungwa mbele. Uwanjani huvuliwa, na risasi zikaanza kugonga pengine. Kinachohitajika hapo ni kusogeza kilengeo cha mbele kidogo kidogo, huku ukipiga na kukagua karatasi.