Je, wajua kwa nini maji meupe pee ya kisima yanaweza kukulaza hospitali kuliko yale mekundu ya kutu?

Huku mashariki mwa Uganda, kuanzia Busia mpaka Tororo, hadithi ni ileile. Kijiji kimechimbiwa kisima kwa mashine, pampu ya mkono imefungwa, mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, amehutubia, watu wamepiga picha, halafu baada ya muda unawakuta akina mama wamerudi na jerikeni zao kwenye kidimbwi cha kule kinamasini. Ukiuliza kulikoni unajibiwa, "Mwanangu, yale maji ni mekundu, chai inakuwa nyeusi kama wino, nguo nyeupe zinageuka rangi ya udongo." Malalamiko yao ni ya kweli kabisa, hakuna anayebisha. Shida ni kwamba kiafya wameruka majivu wakakanyaga moto.

Tuanze na huo wekundu maana ndio unaoogopesha watu. Ni chuma, basi. Kuna chuma kinachotoka kwenye mwamba wenyewe: chini ardhini ambako hewa haifiki, chuma kinayeyuka ndani ya maji na hukioni, maji yanatoka kwenye pampu meupe kabisa, unayabeba hadi nyumbani, ukifungua jerikeni baadaye unakuta yamegeuka rangi na chini kuna mchanga mchanga wa kahawia. Hapo kilichotokea ni kwamba chuma kimekutana na oksijeni ya hewani kikageuka kutu ndani ya jerikeni yako. Hakuna mtu aliyekuroga wala aliyetia kitu majini.

Chuma cha pili ndicho kinachoniudhi mimi, kwa sababu tumekiweka sisi binadamu. Pampu nyingi za vijijini Uganda ni zile zinazoitwa U2, za ukoo wa India Mark II, na kwa miaka mingi zilikuwa zinateremshwa kisimani na bomba za chuma zilizopakwa zinki, zile mafundi wanaziita bomba za GI. Sasa maji ya ardhini sehemu nyingi za nchi yana asidi kidogo, na pH (kipimo cha asidi, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) ikishuka chini ya 6.5 hivi, ile zinki inaliwa, ikiisha chuma kinaanza kuliwa, bomba linatoboka, na kijiji kinakunywa bomba lake chenyewe taratibu. Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ikasimamisha hizo bomba za GI kwenye visima vipya na vinavyokarabatiwa, ziwekwe za chuma kisichoshika kutu au za plastiki. Lakini bomba za zamani hazikupanda zenyewe kutoka chini siku ile tangazo lilipotoka, mpaka mtu alipie fundi azing'oe.

Utajuaje chenu ni chuma kipi? Nenda alfajiri kabla ya mtu yeyote, pampu ndoo ya kwanza uitazame. Kama ni nyekundu sana halafu mkiendelea kupampu yanakuja kutakata, ujue ni bomba, maana maji yalilala humo usiku kucha yakila chuma. Kama mnapampu asubuhi nzima na hali haibadiliki, hapo laumuni mwamba. Hiki kipimo hakigharimu shilingi hata moja na fundi wa pampu yeyote mzuri anakijua.

Na ile chai nyeusi? Majani ya chai yana tanini, tanini ikikutana na chuma inatoa rangi nyeusi, ndiyo maana hata matoke yanaweza kutoka sufuriani yakiwa na rangi ya huzuni. Ulimi wa watu wengi unaanza kuhisi chuma kikipita miligramu 0.3 kwa lita, lakini Shirika la Afya Duniani halijakiwekea chuma kikomo cha kiafya kwenye maji ya kunywa, kwa sababu viwango vinavyopatikana kwa kawaida vinakera ulimi kabla havijadhuru mwili. Nisieleweke vibaya, sisemi kila maji mekundu ni salama, yanaweza kuwa na kutu na uchafu mwingine juu yake. Nasema wekundu peke yake haukuambii chochote kuhusu kuhara.

Sasa njoo kwenye yale meupe pee.

Kinacholaza watu hakina rangi, hakina harufu, hakina ladha. Kwenye maabara wanatafuta bakteria anayeitwa E. coli, na wengi wa hao E. coli wenyewe hawana hata ugonjwa, ila makao yao ni kwenye matumbo ya watu na wanyama, kwa hiyo wakionekana majini maana yake kuna kinyesi kilichopita hapo, na kinyesi kikipita, taifodi na kipindupindu navyo vina njia. Ndiyo maana kiwango cha maji ya kunywa kinachotumika Uganda, ambacho ni cha pamoja cha Afrika Mashariki, hakisemi "wachache wanaruhusiwa". Kinataka sifuri katika mililita 100, yaani kama nusu kikombe cha chai.

Na kinyesi kinafikaje kwenye chemchemi iliyojengewa vizuri na saruji na bomba linatiririka maji matamu? Kwa choo cha shimo cha jirani. Kanuni ya kawaida ni kuacha angalau mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji, na choo kisikae upande wa juu wa mteremko, lakini mahali watu wamebanana mita 30 ni shamba la mtu. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita haraka kwenye udongo wa juu na kwenye nyufa, hayapati muda wa kuchujwa. Kampala ililipia hili. Mwaka 2015 taifodi ililipuka mjini na uchunguzi ukaelekea kwenye maji ya kunywa na juisi za mtaani. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya wilaya ya Hoima, kule wakimbizi kutoka Kongo walikokuwa wanatua kwa mashua, watu wakanywa maji ya Ziwa Albert bila kuyatibu na zaidi ya 2,000 wakaugua kipindupindu. Wengi wa hao ni watu wanaosoma Kiswahili hiki ninachoandika.

Halafu kuna jerikeni, ambayo kwa maoni yangu inastahili lawama kuliko inavyopewa. Kisima kinaweza kutoa maji yasiyo na E. coli hata mmoja, yakafika mdomoni yakiwa nao kibao. Ingiza kidole kwenye shingo ya ile ya njano ya lita 20 uliyonayo hapo jikoni, upapase ukuta wa ndani, utasikia utelezi. Huo utelezi ni makazi ya bakteria, kusuuza hakuutoi, ndiyo maana watoto wanaonekana kisimani wakitia changarawe na maji kidogo na kutikisa kwa nguvu, na wanafanya jambo la maana sana. Halafu nyumbani tunamimina kwenye chungu au ndoo na kila mtu anachota na kikombe chake, mkono mpaka kwenye kifundo. Chombo chenye koki au mdomo mwembamba wa kumiminia kingemaliza nusu ya kesi.

Kutibu nyumbani kunawezekana lakini kuna mitego yake. Kuchemsha kunaua, yakishatokota vizuri dakika moja inatosha, tatizo ni kuni na mkaa. Vidonge vya klorini ni rahisi, ila ukivitia kwenye maji yenye tope au chuma kingi, klorini inaliwa na huo uchafu kabla haijafika kwa bakteria, kwa hiyo acha maji yatulie, chuja kwa kitambaa safi, ndipo utie. Chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zikiachwa juani kwa muda wa saa sita, nazo zinafanya kazi kama maji ni maangavu, siku za mawingu acha siku mbili. Kuna vitu lakini ambavyo moto hauviwezi kabisa, mfano madini ya floridi, yale yanayowatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno huko Kasese na Kisoro. Ukichemsha maji ya floridi mvuke unaondoka, floridi inabaki, tena inakolea zaidi.

Basi mtu atauliza, kama sheria inasema sifuri mbona hakuna anayepigwa faini? Mjini kuna shirika la taifa la maji linalouza maji na lina maabara, kwa hiyo kuna wa kumbana. Kijijini mwenye kisima ni nyinyi wenyewe kupitia kamati ya maji, ile ya mwekahazina anayekusanya hela ya spea. Utampiga nani faini? Na isiwe mnadhani ni umaskini wetu tu, hata Marekani sheria yao ya maji salama ya mwaka 1974 haigusi kisima binafsi cha mtu shambani kwake, inabana mitambo inayohudumia watu 25 au zaidi, na mkulima wa kule mwenye kisima chake anajipimia mwenyewe au hapimi.

Juu ya hapo, kupima E. coli si kazi ya kuitana tu. Unahitaji chupa iliyotakaswa, sampuli ikae kwenye barafu, ifike maabara vizuri zaidi ndani ya saa sita, maana bakteria wakikaa kwenye joto wengine wanakufa wengine wanazaana na majibu yanakuwa ya uongo. Hebu piga hesabu hiyo na bodaboda kutoka kijiji cha ndani, barabara imekatika, barafu ya kuomba kwenye duka la soda. Ndiyo maana chanzo kinapimwa siku kinapokabidhiwa halafu kinasahaulika.

Kwa kamati isiyo na maabara karibu kuna chupa ndogo za kipimo cha H2S (gesi yenye harufu ya yai viza inayotolewa na bakteria), unajaza maji hadi alama, unaziacha mahali penye joto la kawaida siku moja hadi tatu, yakigeuka meusi kuna dalili ya kinyesi. Hakina uhakika wa maabara, lakini kinatosha kuipeleka kamati kwenye ofisi ya maji ya wilaya ikiwa na kitu mkononi. Ulizeni pale, na mkienda, ombeni pia majibu ya kipimo cha siku kisima kilipokabidhiwa, pH ikiwemo, kwa sababu hiyo pH ndiyo itawaambia fundi ajaye ateremshe bomba gani.