Dogo Kavaa Skafu, Tabia Nayo Anaivaa Lini?

Juzi Jumamosi nimepanda daladala ya Pasua pale stendi ya Moshi, ndani kuna dogo wa skauti kapendeza kweli, skafu imekunjwa vizuri, viatu vinang'aa, kakaa siti ya mbele hedifoni masikioni. Akapanda bibi na kikapu cha ndizi, akasimama. Konda akapaza sauti gari zima likasikia, "We skauti, bibi kasimama we umekaa tu?" Dogo akanyanyuka kwa aibu, halafu abiria mmoja kule nyuma akamalizia, "Hao siku hizi ni gwaride tu." Hiyo imenikaa kichwani wiki nzima maana ndo kazi yangu, nafundisha viongozi wa skauti huku Kilimanjaro, na yule abiria wala hakukosea sana.

Maana sisi tukiona nidhamu imeshuka tunaongeza gwaride. Dogo anajua kugeuka nyuma, anajua saluti ya vidole vitatu, anakupa mkono wa kushoto kama inavyotakiwa, ila hajui kwamba ukichelewa unapiga simu kabla, sio kuja kujieleza baadaye, hajui kwamba ukikuta bodaboda imeanguka hauanzi kwa kupiga picha na kurusha kwenye grupu, na akipewa hela ya nauli ya wenzake hajui kurudisha chenji na kuandika imetumikaje bila kuulizwa. Haya hayafundishwi kwa kushoto kulia.

Na skauti yenyewe haikuanza na gwaride jamani. Baden-Powell, yule Mwingereza aliyeianzisha, alipozingirwa na jeshi la Makaburu kule Mafeking, Afrika Kusini, mwaka 1899 hadi 1900, siku 217, kulikuwa na vijana wadogo waliokuwa wanapeleka barua na kusaidia kazi ili watu wazima wabaki kwenye ulinzi. (Kumweka mtoto vitani mimi siungi mkono hata kidogo, tuelewane.) Alichokiona ni kwamba kijana ukimpa kazi ya kweli, yenye mtu anayeisubiri, anabadilika. Ndo maana kambi ya kwanza ya skauti, 1907 kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, vijana kama 20 hivi, aliwagawa vikundi vinne na kila kikundi kikaongozwa na kijana mwenzao.

Sasa angalia vikosi vyetu vingi. Kiongozi mtu mzima anapanga kila kitu, anashika filimbi, anashika hela, anashika daftari la mahudhurio, halafu analalamika vijana hawajitumi. Watajituma kwenye nini?

Mwaka mmoja tulikuwa na meza ya maji kwenye Kilimanjaro Marathon, zile mbio zinazoanzia na kuishia uwanja wa Ushirika. Daftari la zamu nikampa binti wa miaka 15, mpole, darasani hata mkono hanyooshi. Saa moja asubuhi namsikia anamwambia kijana aliyemzidi umri, "Kaka, zamu yako imeanza dakika tano zilizopita, mwenzio hajanywa hata chai." Hakufoka. Kaka akaenda. Mimi hapo ningepuliza filimbi.

Kwenye kukosoa, mjue sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima "nikifanya hivi itakuwaje", inaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 huko, na umri huu macho ya wenzake ndo kila kitu. Kwahiyo ukimfokea mstarini kosa halimwingii, inamwingia aibu. Mvute pembeni, mwambie kitu kimoja tu, muulize wiki ijayo atafanyaje, basi. Fimbo ndo kabisa weka chini, maana kanuni za viboko mashuleni zinamtaja mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi na visizidi vinne, sasa wewe kiongozi wa skauti na fimbo yako ya mpera umeingilia wapi?

Na sisi wenyewe tujiangalie. Meseji za saa tano usiku kwa mtoto mmoja mmoja, hapana, tumia grupu ambalo kiongozi mwingine na wazazi wamo. Kumpakia binti kwenye pikipiki yako peke yenu umpeleke kwao, hapana, hata kama nia yako ni safi kama maji ya mto Rau asubuhi.

Nikiri na langu. Kuna siku nilisema tukutane saa mbili nikafika saa nne kasoro, nikaanza kuwakagua vifungo. Dogo mmoja wa form two akasema kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu, tumekusubiri juani." Nilitamani ardhi ipasuke. Nikawaomba msamaha mstarini, mbele ya wote, na ukaguzi wa siku ile nikaufuta. Tukakubaliana atakayechelewa, kiongozi akiwemo, anapiga simu kabla ya muda kufika.

Wiki ya tatu saa moja na dakika hamsini simu ikaita, kelele za honi nyuma, "Mwalimu, daladala imepasuka tairi hapa Majengo, natembea, nitachelewa dakika kumi, ile kamba ya mafundo ninayo mimi, waanze na huduma ya kwanza." Alikuwa yuleyule wa juani.