Kosheri sio chakula kilichoombewa na rabi

Nianze na hili maana ndo linanikera zaidi. Watu kibao, hata wasomi, wanaamini kosheri ni chakula ambacho rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, kakisimamia akakiombea, kama padri anavyobariki maji. Hapana, ni chakula kinachofuata sheria za Kiyahudi za vyakula. Mimi nilifanya kazi miaka miwili kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza, mzigo mwingine ulikuwa unaenda Israeli, basi siku alipokuja mkaguzi wa kosheri tukawa tunasubiri sala, wenzangu wawili wameshavua na kofia kabisa. Mzee wa watu hakuomba kitu. Kavaa gambuti, kaingia, akaanza maswali: visu hivi vinakata samaki gani mwingine, kambare anapita hapa? trei zinaoshwaje? funguo za stoo anashika nani? Akaokota sangara mmoja akamkwangua gamba kwa kucha, aone kama linatoka bila kuchana ngozi. Halafu akasema neno lililomuudhi sana supavaiza wetu: kila mnofu ubakizwe kipande cha ngozi chenye magamba. Sisi tuliozoea kuchuna mpaka uwe mweupe pee!

Sababu yake ukiisikia huwezi kuibishia. Walawi 11 inataka samaki awe na mapezi na magamba. Sangara anayo, sato anayo, kambare hana magamba. Sasa mnofu ukishachunwa nani atakuhakikishia huu ni wa nani? Hicho kipande cha ngozi ndo kitambulisho chake. Baraka ipo, Myahudi anaisema mezani kabla hajala, ila haibadilishi kilichomo kwenye sahani, pweza hata umbarikie wiki nzima bado sio kosheri.

La pili nalisikia sana huku kwetu: "kosheri si ndo halali ya Wayahudi tu?" Zinafanana ndio, nguruwe hakuna pande zote, damu hakuna, kuchinja kuna masharti, na Waislamu wengi wanaoishi ughaibuni wakikosa bucha ya halali wananunua ya kosheri wakitegemea Kurani, sura ya Al-Maida aya ya 5, inayoruhusu chakula cha Watu wa Kitabu, japo wapo mashekhe wasioafiki. Lakini ngamia ni halali na sio kosheri, anacheua ila kwato zake hazihesabiki kuwa zimepasuka. Kamba, kaa, ngisi, sahau. Divai inaweza kuwa kosheri na halali haiwezi kuwa kamwe. Na mfano ninaoupenda mimi ni biriani. Ng'ombe kachinjwa vizuri, mtindi safi, mchele safi, kila kitu peke yake hakina shida, ukishailoweka ile nyama kwenye mtindi ukapika umeshaharibu, kosheri hakuna tena na sufuria yenyewe imeingia matatizoni. Torati inakataza mara tatu kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, marabi wakajenga ukuta juu yake: nyama na maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, vyombo vyake mbali mbali, kuku naye akaingizwa humo humo (ingawa kuku hana maziwa, ndio najua), na wengi ukishakula nyama unakaa masaa 6 ndo uguse maziwa.

Kingine, eti twiga ni kosheri ila haliwi kwa sababu hakuna anayejua pa kumchinjia kwenye ile shingo. Hii imeenea mpaka kwa Wayahudi wenyewe! Twiga kweli anacheua na ana kwato zilizopasuka, na pa kuchinjia panajulikana vizuri tu, shingo ndefu imekupa nafasi kubwa zaidi. Haliwi kwa sababu ni mnyama pori, mkubwa, wa kumlaza chini bila kumjeruhi ni shughuli pevu, na hapa Tanzania ukimgusa unaenda jela.

Chumvi ya kosheri nayo imewatesa wapishi wa mitandaoni, wanaitafuta supamaketi wanakosa wanaacha na kupika. Ni chumvi ya chenga kubwa tu. Nyama inalowekwa kama nusu saa, inapakwa hiyo chumvi inakaa saa zima ivute damu, inasuuzwa mara tatu, chumvi laini ingeyeyuka mapema. Chumvi ya mawe ya hapo gengeni inafanya kazi hiyo hiyo. Na usije ukadhani kosheri maana yake ni salama kiafya, hapana, bakteria haisomi cheti.

"Kilichokatazwa kikiwa kidogo sana si haina neno?" Hapa Coca-Cola inatufaa. Mwaka 1935 rabi Tobias Geffen wa Atlanta, watu walikuwa wanamuuliza kila siku kama wanaruhusiwa kuinywa, akaomba aonyeshwe viungo, kampuni ikakubali kwa sharti atunze siri. Akakuta glisarini (kimiminika kizito kitamu) ya mafuta ya wanyama, kiasi kidogo mno. Sasa sheria ipo kwamba kitu kilichokatazwa kikidondokea chungu kwa bahati mbaya na kikawa chini ya sehemu 1 kwa 60, mara nyingi kinahesabika kimepotea. Lakini hii haikudondoka, ilimiminwa makusudi. Akakataa, na kampuni ikahamia glisarini ya mimea.

Alama kwenye pakiti nazo zinachanganya watu. U ndani ya duara ni ya Orthodox Union, shirika la Kiyahudi la New York linalokagua kosheri, iliingia kwenye bidhaa za Heinz mwaka 1923. Herufi K peke yake haina mwenyewe, herufi moja huwezi kuisajili, kwa hiyo uliza nani kaiweka. D pembeni ya alama maana yake kuna maziwa au mashine yake inapitisha maziwa. Na wapo wanaozusha kwamba alama hizi ni kodi ya siri wanayotozwa wasio Wayahudi: mwaka 1975 New York Times iliandika gharama kwa kampuni ya mboga za Birds Eye, ilikuwa vipande 6.5 vya senti moja iliyogawanywa vipande milioni moja, kwa pakiti. Hiyo ndo kodi? Kiwanda kinalipia ukaguzi ili kiuze zaidi, kwa wala mboga, kwa wenye mzio wa maziwa, kwa kila anayesoma lebo.

P sasa, watu wanadhani ni chakula kisicho na nyama wala maziwa. Siyo, ni ya Pasaka ya Kiyahudi. Msimu huo Wayahudi wengi wa asili ya Ulaya hawagusi hata mahindi, kwa hiyo Marekani, ambako soda ina sharubati ya mahindi, inatoka Coca-Cola ya sukari yenye kifuniko cha njano, na wanaoigombania madukani wengine hata sio Wayahudi, wanasema tu ladha yake ni nzuri zaidi.