Ukija na flashi, umechelewa: dhana potofu kuhusu huduma za utafiti wa afya chuoni

Kila ikifika Juni, upepo wa Dodoma ukishaanza kuvurumisha vumbi mpaka ndani ya madaftari, korido yetu hujaa madaktari wanaosomea ubingwa. Wengi huja na flashi mkononi. "Shikamoo mwalimu. Data ninazo zote, zimebaki takwimu tu." Naitikia marahaba, nachomeka flashi, na ndani ya dakika kumi huwa nimeshajua kama siku hiyo tutacheka au tutanyamaza.

Mimi ni mtakwimu. Nakaa kwenye ofisi ya chuo inayowahudumia watafiti wa afya: yupo anayesaidia maandiko ya kuomba ruzuku, yupo wa maadili, yupo wa mikataba, yupo wa kanzidata, na maktaba iko ghorofa ya chini. Huduma zipo. Kinachotuangusha ni yale ambayo watu wameshayaamini kabla ya kubisha hodi. Nayaandika kama ninavyoyasikia.

"Mtakwimu ni wa mwishoni"

Hii ndiyo baba lao. Daktari mmoja alikaa miezi saba wodini akikusanya taarifa za watoto waliolazwa kwa utapiamlo. Kwenye dodoso lake kulikuwa na swali: "Mtoto ana upungufu wa damu?" na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Nikamuuliza wingi wa damu wenyewe ulikuwa ngapi. Akasema uko kwenye mafaili. Sasa, alichotaka kujua ni kama watoto wenye upungufu mkali hukaa wodini muda mrefu kuliko wenye upungufu kidogo, na "ndiyo" haisemi mkali wala kidogo. Akarudi masijala kufukua mafaili. Mengine hayakuonekana tena. Hakuna hesabu ya kuirudisha namba ambayo haikuandikwa, ilhali mwanzoni ilikuwa inadai mstari mmoja tu kwenye karatasi.

Halafu kuna 384. Ukisoma tasnifu za afya za vyuo vyetu utakutana na namba hii mpaka uichoke. Unachukulia kwamba hali unayoipima inawapata nusu ya watu, unakubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, unataka uhakika wa asilimia 95, inakuja 384. Fomula haina kosa. Ila inajibu swali moja tu: ni asilimia ngapi ya watu wana hali fulani, ukiwachukua mmoja mmoja bila upendeleo. Hailinganishi dawa mbili. Wala haijui kwamba umechukua watu 30 kutoka kila kijiji, na watu wa kijiji kimoja huchota kisima kimoja, hula mlenda wa shamba moja, kwa hiyo hufanana. Tuseme kiwango cha kufanana huko ni kidogo, 0.02. Chukua 29 (wale 30 wa kijiji, toa mmoja), zidisha kwa 0.02, jumlisha 1: unapata 1.58. Zidisha kwa 384, unafika 607. Watu zaidi ya mia mbili hawamo kwenye andiko, na posho za wasaidizi wa kuwahoji hazimo, na mafuta ya gari la kwenda Chemba nayo hayamo.

Mfano mzuri uko hapahapa mkoani. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, uliofanyika Kongwa katika vijiji 6 vilivyopangwa jozi 3. Vyote vilipewa dawa ya kupaka machoni ya tetrasaiklini, na katika kila jozi kijiji kimoja kikaongezewa kampeni ya kunawisha watoto nyuso. Angalia kilichopangiwa kundi kwa kura: kijiji, si mtoto. Hata ungepima macho ya watoto elfu, mkononi bado una vijiji sita, na hesabu lazima ilijue hilo tangu siku ya kwanza. Matokeo yalionyesha trakoma kali ikiwa imepungua zaidi kwenye vijiji vya kampeni, na leo usafi wa uso (kwa Kiingereza, facial cleanliness) ni herufi F katika SAFE, mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza trakoma. Maamuzi ya aina ile hayafanyiki na flashi ya Juni.

"Kibali cha maadili ni muhuri tu"

Wapo wanaoiita kamati ya maadili "geti". Malalamiko ya foleni nayakubali; nimewahi kuona andiko likirudishwa kwa sababu ya mpangilio wa kurasa, na mwenye andiko alikaribia kulia. Lakini sikilizeni kisa hiki.

Tulikwenda kijiji kimoja wilayani Bahi kujaribu fomu ya ridhaa kabla ya kuipeleka mbele. Fomu ilikuwa imetoka kwenye Kiingereza, na mahali fulani ikasema: "Utapangwa katika kundi kwa njia ya bahati nasibu." Mama mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia msaidizi wetu: "Haya mwanangu, na zawadi ni nini?" Hakuwa amekosea. Bahati nasibu anayoijua yeye hutangazwa redioni, na watu hushinda pikipiki. Tungeendelea vile, tungekuwa na sahihi mia tatu za watu wanaosubiri droo.

Yule mwenzetu wa maadili ndiye aliyeshika kalamu. Sentensi ikawa: "Kundi lako halitachaguliwa na daktari wala na wewe, itakuwa kama kurusha shilingi." Penye "plasebo" akaandika: kidonge kinachofanana na dawa lakini ndani yake hakina dawa. Kwa wazee ambao Kigogo ndicho kinachowaingia, maelezo yakatolewa kwa mdomo, akawekwa shahidi asiye wa timu yetu, ndipo dole gumba likabonyezwa. Kazi ile iliisha kwa asubuhi moja. Huo muhuri ulikuja baadaye sana.

Kuhusu njia ya vibali yenyewe, kinachowachanganya wengi ni kudhani kibali ni kimoja. Tafiti nyingi za wanafunzi huishia kwenye kamati ya chuo. Ukiwa na washirika wa nje au jaribio la dawa, unakwenda kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Jaribio la dawa linahitaji pia idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambayo hadi 2019 tuliijua kama TFDA. Mtafiti wa kigeni ana safari yake ya COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Sampuli za damu zikitoka nje ya nchi, unasainiwa mkataba wa kuhamisha sampuli, na huo usianze kuuandaa wiki ambayo barafu kavu ya kuzisafirishia imeshanunuliwa. Kisha barua zinashuka ngazi: katibu tawala wa mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, wa kijiji. Cheti cha maadili cha taifa ni cha mwaka mmoja, kikiisha, unakihuisha. Na jaribio lisajiliwe kabla ya kumwandikisha mshiriki wa kwanza, kwa maana tangu 2005 majarida makubwa ya tiba yanalikataa lile lililosajiliwa baadaye. Daftari la Afrika la kusajili majaribio, PACTR, liko Cape Town na halitozi hata senti.

Ongezeni na kalenda ya hapa kwetu. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ukipata vibali vyote Januari utakuta vijiji vitupu, watu wako mashambani, na korongo limekata barabara. Huyu wa vibali ofisini kwetu analijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini wangapi humuuliza?

"Excel inanitosha"

Kwa orodha ya harusi, inatosha. Nimepokea faili liitwalo "data final ya mwisho kabisa 3", na ndani yake mgonjwa ana miaka 215, mwingine ameruhusiwa kabla hajalazwa, na tarehe 03/04 hakuna anayejua kama ni Machi au Aprili. Baya zaidi ni mtu kupanga safu moja kwa alfabeti na kuziacha nyingine palepale: majina yanahama, majibu ya maabara yanabaki, na kila mgonjwa anakuwa na ugonjwa wa jirani yake. Hilo huligundui kwa macho.

REDCap, programu ya kukusanya na kutunza data za utafiti iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mwaka 2004, hutolewa bila malipo kwa vyuo na taasisi zisizo za biashara zinazojiunga na umoja wake. Inakataa miaka 215 pale pale unapoiandika, na inaweka kumbukumbu ya nani alibadili nini na saa ngapi. Kuitengenezea dodoso ni kazi ya siku chache, nasi huifanya.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ile desturi ya kupiga picha faili la mgonjwa, jina na namba ya simu vikionekana, halafu kuitupia kwenye grupu la WhatsApp la wasaidizi, iacheni leo.

"Nikimshirikisha mtakwimu atadai jina kwenye makala"

Vigezo vya majarida ya tiba vya kuhesabiwa mwandishi vinataka manne kwa pamoja: mchango wa maana, kuandika au kuhakiki andiko, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwalo. Aliyekupigia hesabu ya sampuli alasiri moja anastahili asante mwishoni mwa makala. Basi.

"Chuo kinakula pesa za mradi"

Hii husemwa kwa sauti ya chini, kwenye chai. Ni kuhusu ile asilimia ambayo chuo hukata kwenye ruzuku kwa gharama za uendeshaji. Wafadhili wenyewe huipanga. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kwa mfano, kwa miaka mingi ilikuwa ikizipa taasisi za nje ya nchi yao asilimia 8. Nje ya hiyo hakuna bajeti ya jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, wala dizeli ya jenereta umeme unapokatika saa nane za usiku sampuli zako zikiwa ndani, wala mhasibu atakayekaa na mkaguzi wa mfadhili miaka mitatu baada ya wewe kusahau stakabadhi zilipo. Hayo ndiyo yanayoliwa.

Hata hivyo nakubali upande mmoja wa lawama. Mtafiti ana haki ya kuonyeshwa mchanganuo, na chuo kisichouonyesha kinajitafutia minong'ono. Ombeni mchanganuo kabla ya kusaini. Bajeti ikipitishwa kwetu mapema, huwa tunakuta mambo mawili yamesahauliwa karibu kila mara: ada za vibali, na nauli ya mshiriki anayerudi kliniki mara ya pili.

"Hayo ni ya Muhimbili na ya Ulaya"

Ni kweli kwamba Marekani mwaka 2006, kupitia NIH, ilianza kutoa ruzuku maalumu ili vyuo vikuu viwaweke pamoja watakwimu, wauguzi wa utafiti, wataalamu wa kanzidata na wa maadili, kusudi ugunduzi wa maabara ufike kwa mgonjwa haraka. Lakini haja hiyo haijui mpaka. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kufariki kwa aflatoksini, sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi yao wenyewe. Ili kufika kwenye ghala la mahindi ilibidi daktari anayeona macho ya manjano na tumbo lililojaa maji azungumze na maabara, na maabara izungumze na mtu wa kilimo anayejua mahindi yalianikwa wapi na yalihifadhiwaje. Utafiti wa kutoka kitandani hadi shambani ndio huo, na kiti chake kipo katikati ya nchi kuliko mahali pengine popote.

Kuhusu vitabu na majarida, mpango wa Hinari ulianzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, na huzipa taasisi za nchi kama zetu majarida bure au kwa bei ndogo. Bado nakutana na mwanafunzi aliyenunua makala moja kwa dola, pesa ya chakula cha wiki. Maktaba, ghorofa ya chini, narudia.

Machi hii alikuja muuguzi wa kituo kimoja cha afya, mkononi ana karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Hana data, hana andiko. Kaandika swali moja: kwa nini kina mama wanaochelewa kuanza kliniki ni walewale wa vitongoji viwili? Akaomba radhi kwamba amekuja mapema mno. Nikamvutia kiti, nikamwita wa maadili na wa kanzidata. Maswali aliyotaka kuyauliza yalikuwa arobaini na moja. Tulipoagana yalikuwa yamebaki kumi na tisa, na la umri lilikuwa limegeuka kuwa tarehe ya kuzaliwa.