Bei ikibadilika GitHub, uliza kwanza wanahesabu nini

Huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi msimbo wa programu, kama GitHub, ikibadili bei, wengi hukimbilia tarakimu: ilikuwa dola ngapi, sasa ngapi. Mimi huanza na swali jingine: wanatoza kwa kuhesabu nini? Hasira za madevelopa huanzia hapo, na hapo ndipo bili ya ofisi ndogo ya Mtwara inaposhuka hadi sifuri au kuvimba.

Chukua Mei 2016. Hadi wakati huo GitHub ilitoza kampuni kwa idadi ya repo za siri, yaani hifadhi za msimbo zisizoonekana na umma: dola 25 kwa mwezi kwa repo 10, dola 100 kwa repo 50. Mko watu wangapi, shauri yenu. Mpango mpya ukageuza hesabu: repo za siri bila kikomo, ila dola 25 kwa watu watano wa mwanzo na dola 9 kwa kila anayeongezeka. Ni kama mwenye ghala la korosho aliyezoea kutoza kwa gunia, akatangaza kwamba sasa anatoza kwa kila mkulima apitaye mlangoni.

Timu ya watu 5 yenye repo 50 ilishuka kutoka dola 100 hadi 25. Taasisi ya watu 40 yenye repo 10 ilipanda kutoka dola 25 hadi 340. Tangazo ni lilelile. Huyu anashangilia, yule anatafuta pa kuhamia. Kwa hiyo nikiambiwa madevelopa waliikataa bei ile, huwa nauliza: wepi? Wateja wa zamani, kwa haki, waliruhusiwa kubaki kwenye mpango wao kwa muda.

Kilichouma zaidi ni nani anahesabiwa. Mtu wa nje mwenye ruhusa ya kuingia kwenye repo moja tu ya siri naye alilipiwa. Kwetu Kusini hilo si dogo, maana kazi zetu nyingi huenda na msimu. Minada ya korosho ikikaribia, mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) wa kupokea mizigo na kufuatilia stakabadhi ghalani unataka mikono mingi: mtu wa USSD (menyu za simu za nyota na reli), mwanafunzi wa fildi, mkaguzi anayetaka kuangalia tu. Msimu ukiisha wote wametawanyika. Kutoza kwa kichwa kunaibana timu ya namna hii. Kutoza kwa repo nako kuna ubaya wake: watu hulundika kila kitu mahali pamoja ili wasilipe. Nimewahi kukabidhiwa mfumo ambao mizani, ripoti na tovuti ya chama vyote vilikaa repo moja, na kurekebisha tovuti kulimaanisha kugusa mizani. Ile haikuwa usanifu, ilikuwa bei.

Sasa hesabu imehama tena. Januari 2019 GitHub ilitoa repo za siri bure kwa washirika hadi watatu kila moja. Aprili 2020 ikaondoa kikomo hicho, na mpango wa timu ukashuka kutoka dola 9 hadi 4 kwa mtu. Kwa ofisi nyingi za hapa, kuhifadhi msimbo hakugharimu kitu. Kinachohesabiwa ni dakika za mashine zinazojenga na kujaribu programu. Desemba 2025 walitangaza tozo ya dola 0.002 kwa dakika hata kwa kazi za repo za siri zinazoendeshwa kwenye mashine ya mteja mwenyewe. Saa nzima ni senti 12 tu za dola, lakini watu walichachamaa: kompyuta yangu, umeme wangu, nilipie nini? Tozo hiyo ikaahirishwa. Naelewa hasira yao, ingawa kupanga foleni ya kazi nako kunatumia seva za mtu.

Kuhama kunawezekana, ila tazama unakokwenda. GitLab, mshindani wa GitHub, ilipandisha mpango wake wa Premium kutoka dola 19 hadi 29 mwaka 2023, na makundi ya siri ya bure yana kikomo cha watu 5. Kwa timu ya msimu, huko ni kubaya zaidi.

Msimbo wenyewe ndio rahisi kuhamisha. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo huduma hizi zimejengwa juu yake, ilizaliwa Aprili 2005 baada ya wajenzi wa Linux kunyang'anywa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu waliyotunzia msimbo wao, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiunda ili kila nakala ibebe historia yote. Amri ya git clone --mirror, inayonakili repo nzima, inatosha, hata kwa bando la usiku. Kinachokunasa ni tiketi za hitilafu, majadiliano ya mapitio na faili za majaribio ya kiotomatiki, zilizoandikwa kwa lugha ya huduma moja. Faili hizo nazifanya fupi: zinaita skripti ya kawaida ya shell (orodha ya amri za kompyuta) iliyomo ndani ya repo, ambayo hata laptopu yangu inaiendesha. Tiketi nazishusha kwa API, mlango wa programu kuchota data za huduma, kila mwisho wa mwezi na kuziweka kwenye diski ya ofisini pamoja na nakala za repo.