Sukari ina entropia kubwa kuliko heli?

"Gesi huwa na entropia kubwa kuliko yabisi." Wengi hulikariri hilo hadi chumba cha mtihani, entropia ikiwa kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika ndani ya dutu. Ni kweli pale tu tunapolinganisha dutu ileile: katika nyuzi 25 za Selsiasi, moli moja ya maji (moli ni idadi maalumu ya chembe, ileile kwa kila dutu) ina entropia ya takriban juli 70 za nishati kwa kila kelvini ya halijoto, na mvuke wake 189. Ukivuka kwenda dutu nyingine, mambo hugeuka. Katika halijoto hiyohiyo na shinikizo la kawaida, moli ya heli ina 126, ilhali moli ya sukari ya mezani, yabisi kabisa, ina takriban 360.

Sababu ni kwamba entropia huhesabu njia ambazo nishati inaweza kugawanyika ndani ya dutu. Heli ni atomu moja moja zinazoruka huku na huko. Molekuli ya sukari ina atomu 45, na zote zinatikisika. Lakini ngoja kwanza: moli ya sukari ina uzito wa gramu 342, ya heli gramu 4. Pima kwa gramu, na heli inapata zaidi ya 31, sukari kama 1 tu. Kwa hiyo anayeuliza "ipi kubwa?" bila kutaja kipimo hajamaliza kuuliza.

Wapo pia wanaodhani dutu nzito lazima iwe na entropia ndogo. Sivyo. Metali ya risasi, nzito na laini, ina karibu 65 kwa moli. Almasi, ngumu kupindukia, ina 2.4. Kinachoibana almasi ni uimara wa vifungo vya atomu zake. Hata kwenye gesi, zenoni yenye atomu nzito ina 170, juu ya heli.

Shinikizo nalo husahaulika. Ongeza shinikizo la heli maradufu bila kubadili halijoto, na kila moli hupungukiwa na takriban juli 5.8 kwa kelvini. Maji hayajali sana.

Kuyeyusha majini je? Chumvi ya jikoni ikiyeyuka ndani ya maji, entropia hupanda. Magnesiamu salfeti, chumvi nyingine, huishusha, maana ioni zake (chembe zenye chaji ya umeme) zenye chaji mbili hushika molekuli za maji zilizo jirani na kuzinyima uhuru.

Dhana inayonikera zaidi ni ile ya kwamba barafu inakiuka kanuni ya pili ya thamodinamiki, isemayo kwamba entropia ya jumla, ya dutu pamoja na mazingira yake, haipungui. Kweli, moli ya maji ikiganda hupoteza kama juli 22 kwa kelvini. Ila hutoa joto la takriban juli 6,000 kwa mazingira, na kadiri mazingira yanavyokuwa baridi, ndivyo joto hilo linavyoongeza entropia yao zaidi. Chini ya nyuzi 0, ongezeko hilo huzidi hasara ya maji. Juu ya nyuzi 0 halitoshi, na maji hayagandi.