Aliyeimbiwa alikuwa hai

Wiki iliyopita nililetewa tena ombi lilelile: nitafsiri wimbo "Wish You Were Here" wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, ili tafsiri ichapwe katika ratiba ya mazishi, kwa kuwa, niliambiwa, wimbo ule ulitungwa kumlilia mwenzao aliyefariki. Kazi ya msiba siikatai, na tafsiri niliitoa. Lakini mwenzao hakuwa marehemu.

Syd Barrett, mtunzi mkuu wa bendi hiyo hadi walipotengana mwaka 1968, afya ya akili yake ikiwa imedhoofika, alikuwa hai albamu yenye wimbo huo ilipotoka Septemba 1975. Tarehe 5 Juni mwaka huohuo aliingia mwenyewe katika studio ya Abbey Road, London, amenenepa, amenyoa kichwa na nyusi, na wenzake wakawa naye chumba kimoja kwa muda bila kumtambua. Alifariki Julai 2006.

Kosa la kuuita wimbo wa kufiwa, basi, si dogo. Mfiwa anajua mtu wake alipo: amemzika, matanga yameanuliwa, arobaini imepita. Wimbo huu unamwita mtu ambaye mwili wake upo ilhali mwenyewe hayupo, na msiba wa namna hiyo hauna siku ya kuanua matanga.

Kwa mfasiri, ugomvi wote umo katika kitenzi kimoja. Kiingereza kinasema "were", kisha kinanyamaza. Kiswahili hakituachii nafasi ya kunyamaza: ni "laiti ungekuwa hapa" au "laiti ungalikuwa hapa"? Kwa -ngali- mlango umefungwa kwa kufuli. Kwa -nge- umerudishwa tu. Najua wengi wetu tunavitumia viambishi hivyo kana kwamba ni kimoja, na mhariri mmoja aliwahi kuifuta -nge- yangu akaweka -ngali- kwa hoja kwamba "inaleta huzuni zaidi". Inaleta, ndiyo, ila ni huzuni ya mtu mwingine.

Wanaodai kwamba ni wimbo wa majaaliwa hunichosha zaidi. Wanazishika zile roho mbili za wimbo huu zilizopotea, zinazoogelea ndani ya bakuli la samaki mwaka baada ya mwaka, wanahitimisha kwamba ndivyo walivyoandikiwa. Wangesoma kwanza ubeti unaotangulia, ambamo mwimbaji anamuuliza mwenzake kama alitoa nafasi ndogo vitani ili apewe nafasi kubwa ndani ya tundu. Aliyeandikiwa haulizwi alibadilishana nini na nini.

Kinachonitia shaka ni huyo anayeitwa "wewe". Roger Waters, aliyeandika maneno hayo, amewahi kueleza kwamba alikuwa akijisemesha mwenyewe pia, na ikiwa ndivyo, -nge- yangu inamwelekea mtu aliyeshika kalamu, asiyehitaji kurudi kutoka popote. Hapo sina jibu, na kila ninapoirudia rasimu yangu ninaiona inapwaya.

Katika ratiba ya mazishi niliandika "ungalikuwa". Waliokwenda kuisoma walikuwa wamefiwa kweli.